Muradi na Kazi ya Mikono: Shule ya Dewey Mjini Chicago, 1896–1904

Neno "mradi" limeenea sana katika lugha ya shule. Bustani ya mboga huitwa mradi, na banda la kuku vivyo hivyo. Katika matumizi hayo neno lataja kitu kinachoonekana kwa macho. Lakini asili yake ni Kiarabu, murad, yaani jambo linalotakwa, na Kiswahili kililipokea kwa maana hiyo: muradi wa mtu ni kusudi lake, lile alilolikaza moyoni kabla ya kunyosha mkono. Tofauti hii baina ya kitu na kusudi si shauri la watunga kamusi peke yao. Ndiyo kiini cha kufundisha kwa vitendo, nayo yabainika vema katika habari za shule ndogo iliyofunguliwa mjini Chicago, Marekani, mwezi wa Januari 1896.

Shule hiyo ilianzishwa na John Dewey (1859–1952), aliyekuwa mwalimu wa falsafa katika Chuo Kikuu cha Chicago. Ilianza na watoto 16 na walimu wawili, mmoja wao akiwa wa kazi za mikono. Kufikia mwaka 1902 watoto walipata 140 na walimu 23, lakini makundi ya kusomea yalibaki madogo. Dewey alipata kusimulia jinsi alivyozunguka mjini akitafuta meza za kuwafaa watoto, mpaka muuzaji mmoja akatambua shida iliyopo: mteja alitaka meza za kufanyia kazi, hali zilizokuwako dukani zote zilikuwa za kukalia na kusikiliza.

Watoto walipika, walishona, walisokota nyuzi na kufanya useremala. Hata hivyo haikuwa nia ya shule kutoa wapishi wala maseremala. Hapa yafaa kulitenga neno jingine, "amali," ambalo katika elimu hutajia mafunzo ya kazi ya kumpatia mtu riziki. Katika shule ya Dewey kazi ya mikono ilikuwa mlango wa kuingilia katika hesabu, sayansi na historia.

Mfano mmoja watosha kueleza. Watoto walipewa pamba kama ilivyotoka katika mti wake, na sufu kama ilivyokatwa mgongoni mwa kondoo. Kundi moja likachambua pamba kwa mikono muda wa nusu saa, likapata chini ya wakia moja. Baada ya taabu hiyo hawakuona vigumu kuamini kwamba mtu mmoja, kwa kutwa nzima, hawezi kuchambua zaidi ya ratili moja. Wakazilinganisha nyuzi zenyewe: za pamba ni fupi na laini, za sufu ni ndefu na zina mikwaruzo inayozishikamanisha zikisokotwa. Kwa hiyo wakafahamu kwa nini wazee wao wa kale walivaa sufu zaidi kuliko pamba. Mtoto aliyekwisha pita njia hiyo, akisikia habari za mashine ya kuchambulia pamba aliyoiunda Eli Whitney mwaka 1793, huiona kuwa ni jibu la taabu anayoijua, wala hahitaji kuikariri kama tarehe tupu.

Jikoni mambo yalikwenda vivyo hivyo. Watoto walipopika mayai hawakuachwa wafuate maelekezo ya upishi tu. Walipima joto la maji katika hatua zake mbalimbali, wakatazama jinsi ute wa yai unavyogeuka katika kila hatua. Jambo hili lawahusu sana wataalamu wa lugha. Kiswahili hutofautisha maji vuguvugu, maji ya moto na maji yanayochemka. Maneno hayo yakiandikwa ubaoni, mwanafunzi aweza kuyatamka sawasawa na bado asijue mpaka ulio baina ya moja na jingine. Lakini aliyeuona ute ukiganda mbele yake ameupata mpaka huo pamoja na neno lake. Dewey mwenyewe alitenga hali mbili katika kufundisha lugha: mtoto kuwa na jambo la kusema, na mtoto kulazimishwa aseme jambo.

Wanafunzi wakubwa walipokosa mahali pa kukutania vyama vyao, waliazimia kujijengea nyumba. Wakachora ramani na kupiga hesabu; na kazi ilipowazidi nguvu, wakawaita wenzao wa madarasa mengine. Mwaka 1918 William Heard Kilpatrick, wa Chuo cha Walimu cha Columbia mjini New York, aliandika makala mashuhuri juu ya njia hii ya kufundisha, akaifasili kwa kusudi la mtendaji analolifuata kwa moyo wote. Hapana neno la Kiswahili linaloikaribia fasili hiyo kuliko "muradi" kwa maana yake ya asili. "Kazi" na "shughuli" hayatoshi, maana mtu aweza kufanya kazi ya mradi usio wake.

Shule ya Dewey ilikuwa na walimu wengi kupita kiasi cha kawaida, takriban mmoja kwa watoto sita. Kisha mwaka 1904 Dewey aliiacha baada ya kutoelewana na wakuu wa chuo juu ya uongozi wake. Wingi huo wa walimu si rahisi kuigwa. Lakini kumwuliza mtoto anakusudia nini hakuhitaji fedha. Mwalimu Nyerere, katika "Elimu ya Kujitegemea" ya Machi 1967, alitaka shule ziwe na mashamba, na papo hapo akataka wanafunzi washiriki katika kupanga na kuamua mambo ya mashamba hayo. Katika utekelezaji, shule nyingi zililishika shamba zikaliacha shauri. Wanafunzi wakapalilia mazao ambayo hawakuyachagua, na jembe likafanana na adhabu.

Lugha yenyewe imeyahifadhi mambo haya mawili katika shina moja. Kutokana na muradi limepatikana neno "ilimradi," nalo leo hutumika pia kwa kazi isiyo na moyo: fulani amelima ilimradi, yaani amelima ili ionekane amelima. Basi watunga kamusi wangefanya vema kuitanguliza maana ya kusudi katika kitomeo cha mradi, na waandishi wa vitabu vya walimu kulitumia neno hilo pale tu ambapo kusudi ni la wanafunzi wenyewe. Shamba lililopangwa na mwalimu peke yake na liitwe shamba la shule.