Pikapu Yetu na Trekta la Bandarini



Tangu mkutano mkuu uliporidhia jumuiya inunue trekta, swali linalozungumzwa zaidi barazani si bei yake, ni namna ya kulileta. Trekta litashushwa Mkoani, na mashamba ya wanachama walio wengi yako upande wa Wete, mwendo wa kama kilomita 60. Pikapu tunayo, tela la kuazima limepatikana, na wengi wasema: tulifunge tuondoke, fedha ya lori ibaki mfukoni. Kamati itakata shauri kabla ya msimu. Kabla haijakata, yafaa kila mtu aijue hesabu yenyewe, kwani pikapu ile ndiyo ipelekayo karafuu zetu kituoni, na ndiyo ichukuayo mgonjwa usiku wa manane. Hatuna nyingine.

Kosa la kwanza ni kudhani kuwa shauri hili ni la nguvu ya injini. Injini ya dizeli ya pikapu za siku hizi itakokota mzigo mkubwa kuliko ule ulio salama, na hapo ndipo mtu anapodanganyika. Gari likishakubali kuondoka, dereva huona kazi imekwisha. Lakini kuondoka ni rahisi. Kazi iko katika kusimama, na kukaa njia moja wakati wa kushuka mlima.

Tutazame uzito. Trekta dogo la shamba, mfano wa Massey Ferguson 135 ambalo wengi wetu twalijua, hukaribia tani moja na nusu. Tela la chuma linaloweza kulibeba lenyewe lina kilo 500 au 600 likiwa tupu. Tuseme jumla ni kilo 2,100. Pikapu ya milango minne kama Toyota Hilux ikiwa tupu ni kama tani mbili. Maana yake ni kuwa kinachofuata nyuma ni kizito kuliko kinachokiongoza.

Katika kitabu cha gari kuna tarakimu mbili za kukokota, na watu hupenda kuisoma ile kubwa tu. Ya kwanza ni ya tela lisilo na breki zake, na kwa pikapu nyingi ni kilo 750. Ya pili ni ya tela lenye breki zake, nayo huwa baina ya tani 2 na nusu na tani 3 na nusu kwa kadiri ya aina na mwaka wa gari. Tofauti ile si mchezo wa waandishi. Tela lisilo na breki husimamishwa na breki za gari peke yake, na breki zile zilitengenezwa kwa ajili ya gari lenyewe na shehena yake. Hilo la kuazima nimelikagua: breki halina. Kwa hiyo kwa trekta, tela hilo halina mjadala tena, hata likiazimwa bure.

Wako watakaosema, "Tutakwenda polepole." Kwenda polepole kunasaidia sana, tena kuliko watu wanavyofikiri. Kazi ya breki haizidi kwa kadiri ya mwendo tu. Mwendo ukizidi mara mbili, kazi ya breki huzidi mara nne. Anayekwenda kilomita 60 kwa saa anazitaka breki kazi mara mbili na robo ya yule anayekwenda 40. Lakini polepole haiondoi mlima, na nchi yetu hii ni ya vilima na mabonde, si tambarare. Chukueni mahali ambapo njia hushuka mita 1 kwa kila mita 10. Hapo sehemu moja katika kumi ya uzito wa tela inamsukuma dereva mgongoni: kwa kilo 2,100 ni kilo 210, zisizochoka, mpaka bondeni. Dereva akikanyaga breki muda wote, breki hupata moto, na zikishapata moto hukanyagwa wala zisishike. Ndiyo maana huingiza gia ndogo juu ya kilima, kabla hajaanza kushuka, akaiacha injini izuie. Akiingoja mpaka gari limeshika kasi, amechelewa. Na ikiwa kuna kona, tela zito hupenda kuendelea mbele huku gari linapinda, likaisukuma nyuma ya pikapu ubavuni mpaka viwili hivyo vikajikunja kama kisu cha mfukoni. Wanaorudi skuli hutembea pembeni mwa njia hizo hizo.

Jambo la pili ni uzito wa mkono wa tela, yaani ule unaolalia nyuma ya pikapu. Hili wengi hawalijui kabisa. Ukiwa mdogo mno, kwa sababu mzigo umewekwa nyuma ya ekseli, tela huanza kuyumba kama mkia wa samaki, na kila likiyumba huzidi. Ukiwa mkubwa mno, nyuma ya pikapu huzama, mbele ikanyanyuka, na usukani ukawa mwepesi wakati unapohitajiwa uwe mzito. Kadiri inayofaa ni kama sehemu moja katika kumi ya uzito wa tela na mzigo wake, mradi isipite kiasi kilichoandikwa kwenye chuma cha kuvutia. Basi trekta hupandishwa likasogezwa mbele kidogo ya ekseli, likafungwa kwa minyororo pande nne. Breki ya mkono ya trekta peke yake haitoshi.

Sasa hizo kilo 210 za mkono ni shehena ya pikapu, kana kwamba zimepakiwa juu yake. Pikapu ya kubeba tani moja, ikiwa na watu watano wa kilo 70 kila mmoja, imebakiwa na kilo 440. Hizo ni gunia nane za kilo 50, na bado chuma cha kuvutia, mafuta ya akiba na vyombo vya kazi havijahesabiwa. Twajua desturi yetu: gari likitoka Mkoani halirudi bila ya abiria nyuma na mizigo ya majirani. Siku ya kukokota, desturi hiyo haina budi kupumzika. Tena kitabu huweka mpaka wa jumla ya gari na tela pamoja, na mara nyingi mpaka huo hufika kabla ya ile mingine.

Kuna kasoro moja ndogo ambayo fundi asiyeangalia huipita. Tufe la chuma la kuvutia tela huja kwa vipimo viwili vinavyofanana: moja ni milimita 50, na jingine ni inchi 2, ambayo ni karibu milimita 51. Kikombe cha tela cha inchi 2 kikivikwa tufe la milimita 50, hukaa, na huonekana kimeshika. Kikipigwa na mashimo huweza kuchomoka. Kipimo hupigwa chapa juu ya tufe na juu ya kikombe. Someni vyote viwili. Minyororo ya salama nayo ipitishwe kwa kupishana chini ya mkono, ili mkono ukichomoka ulale juu yake, usichimbe barabara.

Rai yangu basi. Trekta tusilikokote kwa pikapu, isipokuwa likipatikana tela lenye breki zinazofanya kazi na karatasi za uzito wake. Lori la tani nne lenye njia ya kupandishia litafanya safari hiyo mara moja na kwa amani. Na hata hilo tukiliona ghali, mbona tunasahau kuwa trekta lina injini na magurudumu yake? Likiondoka Mkoani alfajiri kwa mwendo wa kilomita 20 kwa saa, na pikapu ikilifuata nyuma na taa za kuwakawaka, kwa saa tatu limefika, na kila mtoto wa njiani amelishangilia.

Tela la kuazima lina kazi yake vilevile. Jenereta ndogo, mashine ya kulimia ya kusukumwa kwa mkono, majamvi na mbao za mabanda, yote hayo ni halali yake, mradi jumla pamoja na tela isipite kilo 750. Tangi la maji ya miche ni jambo jingine. Lita 1 ya maji ni kilo 1, kwa hiyo tangi la lita 1,000 ni tani nzima kabla ya kuhesabu tela. Wala msiseme mtalijaza nusu: maji ya nusu tangi hukimbia mbele unapofunga breki na hurudi nyuma unapoondoka, na dereva huhisi kama anavutwa na mtu. Bora matangi madogo yaliyojaa.

Mwenye kutaka kupima uzito wa mkono wa tela lake na alete bandani. Mizani yetu ya karafuu yatosha. Tela lisimamishwe mahali sawa, magurudumu yawekewe mawe, na mkono uwe katika urefu ule ule wa kufungiwa gari. Ukiwa mzito kuliko mizani, lazeni boriti ngumu, ncha moja juu ya tofali na ya pili juu ya mizani, kisha muiweke mizani sifuri. Mkono ukilalia katikati ya boriti, mtakachosoma ni nusu yake. Mizani iko wazi kila asubuhi isipokuwa Ijumaa, mpaka karafuu zitakapoanza kuingia.

Katibu