Opiyo na Apiyo: Macho, Vidole na Karatasi ya Mirathi

Wasomaji wetu wa Mombasa, Malindi na Lamu watatuwia radhi wakiona leo tunaandika habari za kupiga taipu, jambo ambalo wengi huliona ni la makarani wa maofisini. Tumerejea hivi karibuni kutoka Nyanza ya kusini, tulikokwenda kuwazuru ndugu zetu Waislamu wa Homa Bay na Migori, na tumerudi na kisa ambacho bado kinatuondolea usingizi.

Tulipita Kisumu, tukashika njia ya Kendu Bay kandokando ya ziwa hadi mjini Homa Bay. Huko, baada ya sala ya alasiri, tuliketi barazani kuandika hotuba ya Ijumaa kwenye kompyuta yetu ndogo, vidole viwili vya shahada vikidonoa kibodi kama kuku kwenye mtama. Mwalimu mmoja kijana akatutania: "Sheikh, hivi vinane vingine umevipa likizo?" Watu wakacheka. Mzee mmoja karani mstaafu, aliyefundishwa zama za taipureta na mitihani ya Pitman, akaeleza kuwa wao walifunikiwa mikono kwa kitambaa ili wasiione mashine, na aliyechungulia alikaripiwa.

Tulikuwa na hoja, na tuliitoa kwa fahari. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Aalto, huko Ufini, waliwachunguza watu 30 kwa kamera wakiandika. Waligundua kwamba miongoni mwa waliojifunza wenyewe, wakitumia vidole vichache, wamo wanaokwenda kasi sawa na waliosomea vidole kumi. Kilichotofautisha mwepesi na mzito hakikuwa idadi ya vidole. Ilikuwa ni desturi ya kuigonga kila herufi kwa kidole kilekile daima, na kukitayarisha kidole kabla zamu yake haijafika. Basi kama ni hivyo, tukasema, viwili vyetu vyatosha. Tuliondoka barazani tukijiona washindi, tukaelekea Migori kwa njia ya Rongo.

Migori tulipokewa na familia iliyofiwa. Marehemu, Mwislamu wa Kijaluo, aliacha mjane, watoto wawili pacha walio wadogo, na ndugu yake wa kiume. Wazazi wake walikwisha kutangulia. Ilitakiwa orodha ya warithi kwa ajili ya Kadhi. Tangu Machi 2024, Mahakama ya Kenya ilipoueneza nchi nzima mfumo wa kuwasilisha mashauri kwa mtandao, karatasi iliyoandikwa kwa mkono haifiki mbali. Tukapewa daftari la marehemu lenye majina, tukaombwa tuyapige chapa. Tulikubali kwa moyo mkunjufu, tukafanya kazi ile usiku kwa taa ndogo.

Hapa hapana budi msomaji wa pwani apate maelezo kidogo. Kwa Wajaluo, jina la kiume aghalabu huanza kwa O na la kike kwa A: aliyezaliwa usiku ni Otieno akiwa mvulana, Atieno akiwa msichana. Pacha wana majina yao maalumu. Wa kwanza kuzaliwa ni Opiyo au Apiyo. Wa pili ni Odongo au Adongo. Ndiyo maana tunayataja majina haya bila kuogopa kumfichua mtu, kwani kila nyumba ya Kijaluo yenye pacha inayo. Pacha wa nyumba ile walikuwa mvulana na msichana, na daftari lilisema wazi: Opiyo na Adongo.

Sisi tuliandika Apiyo na Adongo.

Mwenye kusoma mirathi amekwisha kushtuka. Kwa asiyesoma, tuigawe mali ile katika mafungu 24. Mjane ana thumuni yake, mafungu 3. Akiwapo mtoto wa kiume, 21 yaliyobaki ni ya watoto, mvulana maradufu ya msichana: Opiyo 14, Adongo 7. Ami yao hapati kitu. Lakini karatasi yetu ilisema watoto wote ni wa kike. Mabinti wawili hupewa thuluthi mbili, mafungu 16, kila mmoja 8. Mjane 3 yake. Na 5 yanayosalia humwendea ndugu wa marehemu kwa kuwa ni asaba. Kwa herufi moja tulikuwa tumeyatoa mafungu matano katika mikono ya mayatima. Ami yule ni mtu mwema, wala hatumdhanii ubaya; na huenda vyeti vya kuzaliwa vingeifichua hitilafu mbele ya Kadhi. Lakini huenda pia mjane angezungushwa miezi na miezi kwa kosa lisilo lake, naye ni mtu wa kuuza samaki sokoni.

Aliyetuokoa ni msichana wa kibanda cha kupiga chapa mjini Migori. Tulimpelekea kazi yetu aichapishe, na daftari tukamwekea kando. Yeye akaona ni wepesi zaidi kuiandika upya kuliko kunyoosha mistari yetu iliyokwenda upogo. Akaliegemeza daftari kwenye kisanduku, akaanza. Tulimtazama kwa muda mrefu. Vidole vyote kumi vilitembea, wala hakuviangalia hata mara moja. Macho yake yalikuwa daftarini, yakishuka mstari baada ya mstari. Alipomaliza alizilinganisha karatasi mbili, akasema kwa adabu: "Sheikh, daftari lina Opiyo, karatasi yako ina Apiyo. Nifuate ipi?"

Tulisimama pale tukitokwa na jasho. Si kwamba kidole kiliteleza, maana A na O ziko mbali, moja ncha ya kushoto, nyingine juu kuliani. Jicho ndilo lililoteleza. Anayeandika kwa vidole viwili ana mahali patatu pa kutazama: karatasi, kibodi na skrini. Kila anaporudi karatasini hulitafuta upya neno alipoliacha, na sisi tuliporudi tulitua kwenye Adongo, tukaichukua A yake tukamvika kaka yake. Hoja yetu ya Homa Bay ilihusu kasi. Watafiti walewale wa Ufini waliona pia kwamba waliosomea vidole kumi hawaitazami sana mikono yao, na sehemu hiyo tulikuwa tumeisoma upesi, kama mtu anavyosoma lisilomfaa.

Mabishano haya yana umri mrefu. Tarehe 25 Julai 1888, mjini Cincinnati, Marekani, walishindanishwa wapiga taipu wawili. Frank McGurrin, mwandishi wa mahakama kutoka Salt Lake City, alihifadhi mahali pa kila herufi akaandika bila kuzitazama. Louis Traub alikuwa mwepesi pia, lakini macho yake yalifuata mashine. Waliandika yaliyosomwa, kisha wakanakili yaliyoandikwa, na McGurrin akashinda. Anayesomewa hutumia masikio, macho yake yana nafasi. Anayenakili hana macho ya akiba.

Waandishi wetu wa kale walilijua jambo hili pasi na mashine. Siyu, katika kisiwa cha Pate, palikuwa na mafundi wa kunakili misahafu katika karne ya 18 na 19, na katika elimu yetu nakala haikuhesabiwa kuwa imekamilika mpaka ifanyiwe mukabala, yaani isomwe neno kwa neno ikilinganishwa na asili yake. Msichana wa Migori alifanya mukabala bila kulijua jina lake. Sisi tunaolijua hatukuufanya.

Tuliporudi nyumbani tulianza kujifunza, robo saa kila usiku baada ya isha, binti yetu akitufunika mikono kwa leso. Kibodi ina vinundu viwili vidogo, kwenye F na J, na hapo vidole vya shahada hupata kwao bila macho. Kiswahili kimetupendelea: dada, kaka, sala, haja na hata fadhaa huandikwa zote kwa ule mstari wa katikati. Kimetutesa pia, kwani A, herufi tunayoitumia kuliko zote, imeangukia kidole cha mwisho cha kushoto, kilicho dhaifu, nacho chatuuma mpaka sasa.

Makala haya tuliyaanza kwa vidole kumi. Tulipofika kwenye mafungu 24 ilikuwa saa tano ya usiku na mhariri alikuwa akisubiri, tukarejea viwili. Binti yetu ameyasoma yote akilinganisha na mswada wa mkono, akatuonyesha makosa saba.