Mzazi Anavyomjibu Mtoto (Malezi na Lugha, Sehemu ya 2)

Mtoto wa miaka miwili anapokionyesha kikombe kilicho sakafuni na kutamka "guka", mzazi anaweza kunyamaza, anaweza kumkemea aseme vizuri, au anaweza kulipokea neno lile na kulikamilisha: "Eh, kikombe kimeanguka. Kimevunjika?" Jibu hili la tatu ndilo linalomjenga. Linamrudishia neno lake likiwa zima, macho yake yakiwa bado kwenye kikombe. Kwa Kiswahili faida ni kubwa zaidi: katika maneno matatu amesikia "ki" mara tatu, na ndivyo ngeli zinavyomwingia miaka mingi kabla mwalimu hajaziandika ubaoni.

Mwaka 1995 Betty Hart na Todd Risley walichapisha matokeo ya kufuatilia familia 42 za Kansas City, Marekani, saa moja kila mwezi, mpaka watoto walipotimiza miaka mitatu. Kilichovuma ni makadirio yao kwamba kufikia miaka minne, mtoto wa familia fukara huwa amesikia maneno milioni 30 pungufu ya mtoto wa wasomi. Makadirio hayo yamepingwa sana, na kwa haki: familia fukara zilikuwa 6 tu, tena maneno ya jamaa wengine waliokuwapo nyumbani hayakuhesabiwa. Anayejua nyumba yenye bibi, shangazi na kaka wakubwa ataona uzito wa kasoro hiyo.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 na Rachel Romeo na wenzake, kwa watoto 36 wa miaka 4 hadi 6, uligusa kiini. Watoto waliopokezana mazungumzo na watu wazima mara nyingi zaidi ndio ambao sehemu ya ubongo ishughulikiayo lugha ilifanya kazi zaidi waliposikiliza hadithi, bila kujali kipato cha wazazi wala wingi wa maneno waliyosikia. Basi "njoo", "acha" na "nyamaza", hata zikirudiwa kutwa nzima, haziwezi kushika nafasi ya mazungumzo, kwa sababu hazingoji jibu.

Namna za kumsemesha mtoto hutofautiana. Wakaluli wa Papua New Guinea hawazungumzi na mtoto mchanga kama mwenzao. Akianza kutamka, mama humtajia la kusema naye hulirudia. Mswahili anaifahamu njia hiyo: "Mwambie bibi shikamoo." Watoto wa pande zote mbili hujua lugha zao vizuri. Televisheni ni jambo jingine. Patricia Kuhl alionyesha mwaka 2003 kwamba watoto wa miezi 9 huko Marekani walijifunza sauti za Kichina kwa watu waliocheza nao, lakini waliotazama video za watu hao hao hawakujifunza.

Mtoto anayesemeshwa na kujibiwa vizuri, lakini akafikisha miezi 18 bila neno hata moja, apelekwe hospitali apimwe masikio.