Je, Wajua? Plastiki Inayojali Imelalaje

Maji ya mto Lufira, huko Katanga nchini Kongo, yakishafanya kazi katika kituo cha umeme cha Mwadingusha, kituo cha Koni huyapa kazi ya pili. Kituo hicho cha Koni kilijengwa na kampuni ya madini ya Union Minière enzi za Wabelgiji, nacho kina turbini tatu zenye uwezo wa megawati 42 kwa jumla. Umeme wake uliwekwa kwa ajili ya migodi na viwanda vya Likasi, huko ambako kiwanda cha Shituru kimekuwa kikitenga shaba kwa umeme tangu 1929. Yaani shaba hubeba umeme unaokwenda kuzalisha shaba. Mkoa mzima wa Katanga uliitwa Shaba toka 1971 mpaka 1997, na wafua madini wa zamani wa Kisanga waliitwa wala shaba, kwa hiyo huku ukisema plastiki nayo hupitisha umeme, jiandae kuchekwa. Plastiki si ndiyo ile inayovishwa waya ili usirushwe?

Ndiyo hiyo. Lakini ipo jamii ya plastiki, au kwa jina la kikemia polima, ambayo hupitisha. Mwaka 1967, katika maabara alimofanyia kazi Hideki Shirakawa huko Japani, kichocheo kilitiwa kimakosa mara elfu zaidi ya kipimo. Badala ya unga mweusi ukatokea utando unaong'aa kama fedha: poliasetilini. Miaka kumi baadaye Shirakawa, Alan MacDiarmid na Alan Heeger waliutia utando huo mvuke wa iodini, na upitishaji wake ukapanda mara milioni kumi. Tuzo ya Nobel ya kemia ikawafikia mwaka 2000.

Mimi kinachonivutia zaidi ni kilichotokea watu walipoanza kuuvuta utando huo.

Ukivuta waya wa shaba baridi mpaka ukakakamaa, upitishaji wake hupungua kidogo, kama sehemu 3 katika 100, kwa sababu umevuruga mpangilio wa atomi. Ukiupasha moto ukalainika, hurudi. Zaidi ya hapo shaba haina makuu: elektroni zake zimeenea kote, na upande wowote utakaozisukuma zitakwenda. Poliasetilini ni kinyume. Ivute, na upitishaji wake kwa upande ulioivutia huongezeka maradufu na zaidi, kwa maana minyororo ya molekuli zake iliyokuwa imesokotana kama nyuzi za katani iliyovurugika sasa imenyooka. Chaji hukimbia vizuri ikifuata mnyororo. Kuruka kutoka mnyororo huu hadi mwingine ndiko kunakoichosha. Mchoma makaa analijua jambo hili kwa shoka lake: gogo hupasuka kwa kufuata nyuzi, ukilikata kimshazari utatoka jasho.

Basi kunyoosha kungetosha? La. Kuna suala la kulala na kusimama.

Chukua polima iitwayo P3HT, inayopendwa sana maabara. Uti wa mnyororo wake ni bapa kama sahani, na ubavuni umeota vinywele vya mafuta. Vinywele hivyo huisaidia polima kuyeyuka, ipate kupakwa kama rangi, lakini havipitishi umeme. Uso kwa uso, sahani hizi hukaribiana kiasi cha nanomita 0.38, na chaji huruka bila taabu. Upande wa vinywele mwendo hukwama.

Mwaka 1999 Henning Sirringhaus wa Cambridge na wenzake walilinganisha tando mbili za P3HT ndani ya transista. Katika utando mmoja sahani zilisimama wima kama za kabatini, katika mwingine zililala juu ya sakafu. Kilichoamua mkao ni jinsi viungo vya mnyororo vilivyofuatana kwa nidhamu tangu kuundwa. Zilizosimama zilipitisha chaji kwa wepesi wa zaidi ya mara 100. Ni plastiki ya jina lilelile, imekaa vingine tu.

Usifikiri basi kusimama ndiyo sifa njema. Katika transista chaji husafiri kandokando, sambamba na sakafu. Katika paneli ya jua iliyotengenezwa kwa polima chaji inatakiwa ipande na kushuka kati ya tabaka mbili, na hapo sahani zilizolala ndizo zinazofaa. Mtengenezaji huanza kwa kuuliza umeme unaelekea wapi, kisha ndipo achague kiyeyushi, joto, au kisu cha kupakia kinachoburuta minyororo ielekee upande mmoja.

Na kabla hujaamini kwamba mpangilio ndio kila kitu: mwaka 2014 kundi hilohilo la Cambridge lilieleza polima ambazo tando zake karibu hazina mpangilio wa fuwele, na bado chaji hukimbia humo. Siri yake ni uti uliokaza, usiopindika hata ukizungukwa na fujo. Waya wa kutoka Koni hautageuka plastiki kwa hilo. Shaba haijali imelalaje.