Uunganishaji wa Programu na Hifadhidata: Mifano kutoka Kumbukumbu za Afya za Moshi

1.0 Utangulizi

Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliofanyika katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, yaani programu za ofisi ambazo menyu zake zimeandikwa kwa Kiswahili. Hatua hiyo ilidhihirisha kwamba kompyuta inaweza kusema nasi kwa lugha yetu. Hata hivyo, maelezo ya Kiswahili kuhusu kompyuta aghalabu huishia kwenye kile kinachoonekana juu ya kioo. Yanayotokea nyuma ya kioo, pale neno alilochapa mkunga au karani linaposafiri hadi mahali pa kuhifadhiwa, huachiwa wataalamu.

Makala haya yanakusudia kueleza namna programu ya mezani na programu ya wavuti zinavyounganishwa na hifadhidata. Tutajaribu kuonyesha kwamba tofauti ya msingi baina ya programu hizo haimo katika sura yake, bali katika swali la nani anayeushika muunganisho. Aidha tutaonyesha kwamba othografia ya Kiswahili sanifu yenyewe inamdai mwandishi wa programu uangalifu ambao wenzake wanaoandikia lugha nyingine huweza kuuahirisha.

Neno moja kuhusu istilahi. Wapo wanaosema *kanzidata*, kwa kutumia neno *kanzi* lenye maana ya hazina, na wapo wanaosema *hifadhidata*. Tumelichagua la pili kwa kuwa msomaji wa kawaida hulielewa bila kufungua kamusi. Kwa kitendo cha kuambatisha programu na hifadhidata tutatumia *muunganisho*, neno ambalo limekwisha kuzoeleka katika mambo ya umeme na simu, na si *kiungo*, ambalo watumiaji wa wavuti wamekwisha kulipa kazi nyingine.

2.0 Daftari, Jedwali na Ufunguo

Katika Hospitali ya Rufaa ya KCMC, iliyofunguliwa mjini Moshi mwaka 1971, kuna rejesta ya uzazi iliyoanzishwa kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Bergen cha Norway. Kumbukumbu zake za tangu Julai 2000 zimetumiwa katika tafiti nyingi. Utaratibu wake ni kwamba wakunga waliopewa mafunzo humhoji mama katika muda wa saa 24 baada ya kujifungua, hujaza dodoso la karatasi, na kisha majibu huingizwa katika kompyuta.

Tuchukulie kwamba tunataka kuandika programu ya kazi ya namna hiyo. (Mfano huu ni wetu, hatuelezi programu inayotumika hospitalini.) Kwa mujibu wa nadharia aliyoitoa Edgar Codd wa kampuni ya IBM mwaka 1970, ambayo bado ndiyo msingi wa hifadhidata nyingi, taarifa hupangwa katika majedwali. Akina mama watakuwa na jedwali lao, na watoto lao. Haifai kuwaweka katika jedwali moja, kwa sababu mama mmoja anaweza kujifungua mara nne, na mara moja kati ya hizo akapata mapacha. Jina na kijiji chake vikirudiwa mara tano, siku moja vitaandikwa kwa namna tano.

Majedwali mawili yakishatengana, sharti pawepo kitu cha kuyaunganisha, nacho ni ufunguo: alama moja isiyorudiwa, inayoandikwa katika mstari wa mama na kunukuliwa katika mstari wa kila mtoto wake. Je, jina haliwezi kuwa ufunguo? Yeyote anayezifahamu Machame, Kibosho, Marangu na Rombo atajibu mara moja kwamba haliwezi. Majina ya koo kama Mushi, Massawe, Lyimo, Kimaro na Swai yamebebwa na watu wengi mno. Na mwanamke yule yule anaweza kuandikwa mwaka mmoja kwa jina la babake, mwaka mwingine kwa jina la mumewe. Massawe huandikwa pia Masawe. Ndiyo maana katika rejesta ya KCMC nambari ya mgonjwa ya hospitali ndiyo iliyowawezesha watafiti kuziunganisha mimba mbalimbali za mama mmoja. Pasipo nambari hiyo, mama aliyepoteza mtoto katika uzazi wa kwanza angeonekana katika uzazi wa pili kuwa mtu mwingine kabisa, nayo hatari iliyomkabili isingejulikana.

3.0 Programu ya Mezani

Programu ya mezani ni ile iliyosimikwa ndani ya kompyuta anayoitumia karani. Muunganisho wake na hifadhidata huchukua sura mbili.

Sura ya kwanza ni ya faili moja. Hifadhidata yote imo katika faili lililowekwa kwenye kabrasha la pamoja, na kila kompyuta hulifungua na kuandika ndani yake moja kwa moja. Njia hii ni nyepesi na kwa ofisi ya watu wawili au watatu inatosha. Udhaifu wake ni kwamba hakuna msimamizi: kompyuta moja ikizimika katikati ya kuandika, faili zima linaweza kuharibika, na walioharibikiwa ni wote.

Sura ya pili ni ya seva ya hifadhidata. Hapa programu haigusi faili, bali hupeleka maombi kwa seva kwa lugha ya SQL, na seva ndiyo inayosoma na kuandika. Kati ya programu na seva husimama kiendeshi, yaani mkalimani anayeijua seva ya aina fulani. Mwaka 1992 kampuni ya Microsoft ilitoa kiwango cha ODBC ili programu moja iweze kuzungumza na seva za aina mbalimbali kwa kubadili kiendeshi tu. Lugha ya Java ilipata kiwango chake, JDBC, mwaka 1997. Ili kufungua muunganisho, programu hutaja anwani ya seva, jina la hifadhidata, jina la mtumiaji na nywila.

Faida kubwa ya seva ni muamala, yaani kundi la amri zinazotimizwa zote au zisitimizwe hata moja. Tuseme mkunga amekwisha kuingiza taarifa za mama na za pacha wa kwanza, umeme ukakatika kabla ya pacha wa pili. Pasipo muamala, kumbukumbu itasema kwamba alizaliwa mtoto mmoja, na hakuna atakayegundua, maana mstari ulioandikwa hauna dosari yoyote ya kuonekana. Kukiwa na muamala, seva huufuta uandishi uliokatizwa na kazi huanza upya. Kwa maoni yetu, kosa linaloonekana ni afadhali mara nyingi kuliko kumbukumbu iliyo nusu.

Tatizo linalobaki ni kwamba kila kompyuta inaushika muunganisho wake yenyewe. Nywila imo katika kila mashine. Ikibadilishwa, fundi hana budi kuzizungukia zote. Katika jengo moja kazi hiyo ni ya asubuhi moja. Katika zahanati zilizotawanyika kwenye miteremko ya mlima, si kazi ya kutamani, hasa wakati wa masika.

4.0 Programu ya Wavuti

Katika programu ya wavuti, kompyuta ya karani haijui hifadhidata iko wapi wala haina nywila yake. Kivinjari hupeleka ombi kwa seva ya programu, na seva hiyo peke yake ndiyo inayozungumza na hifadhidata. Ni kama duka la kaunta: mnunuzi hutaja anachotaka, wala haingii stoo.

Kwa kuwa kufungua muunganisho kunachukua muda, seva ya programu huweka akiba ya miunganisho michache iliyo wazi. Kila ombi huazima mmoja, huutumia kwa sehemu ndogo ya sekunde, kisha huurudisha. Kwa njia hiyo miunganisho kumi yaweza kuwahudumia makarani wengi zaidi ya kumi. Mwandishi wa programu akisahau kuurudisha ulioazimwa, akiba huisha polepole, na ifikapo saa nane mchana programu huonekana imekufa ilhali hifadhidata ni nzima.

Historia ya mfumo wa DHIS inaonyesha safari hii vizuri. Ulianzia Afrika Kusini baada ya mwaka 1994, Chuo Kikuu cha Oslo kikishiriki, na toleo lake la kwanza lilijengwa juu ya Microsoft Access: kila ofisi ilikuwa na hifadhidata yake, na mafaili yalipelekwa ngazi kwa ngazi. Toleo la pili, DHIS2, ni la wavuti. Tanzania ililisambaza katika mikoa yote kufikia mwisho wa mwaka 2013 ili lipokee takwimu za MTUHA. Hivyo jumla za mwezi kutoka zahanati ya Rombo zikishaingizwa, wilaya, mkoa na wizara husoma kumbukumbu ile ile. Na kwa kuwa mtandao hukatika, DHIS2 humruhusu mwingizaji kuendelea kuandika. Takwimu hukaa kwa muda ndani ya kivinjari chake, kisha hupelekwa mtandao unaporudi.

5.0 Ritifaa ya *ng'*

Sasa tuje kwenye jambo linalotuhusu sisi wanalugha. Katika SQL, maneno ya kuhifadhiwa huzungushiwa alama ya ritifaa mwanzo na mwisho. Tuseme dodoso linauliza kazi ya mama, naye, kama wengi wenye kihamba na zizi, amejibu kwamba ni mfugaji wa ng'ombe. Mwandishi asiye mwangalifu hulibandika jibu hilo ndani ya amri kama lilivyo:

'mfugaji wa ng'ombe'

Seva ikisoma, huona maneno yameishia kwenye *ng*. Kipande kinachofuata, *ombe*, hukichukulia kuwa sehemu ya amri, na kwa kuwa hakuna amri ya namna hiyo, hulikataa ombi zima. Mama hakuandikwa. Karani hujifunza hila: mara ya pili huandika *ngombe*, na kidogokidogo programu mbovu inawafundisha watu tahajia mbovu.

Si hayo tu. Ikiwa *ombe* linaweza kupenya na kusomwa kama amri, basi mtu mwenye nia mbaya anaweza baada ya ritifaa kuandika amri ya kweli, mathalani ya kufuta jedwali au kusoma taarifa za siri za wagonjwa. Hii ni miongoni mwa njia za zamani na zilizotumika sana za kuvamia programu za wavuti. Dawa yake si kuikataza ritifaa, bali kutenganisha amri na data: programu hupeleka kwanza amri yenye nafasi iliyoachwa wazi, kisha hupeleka jibu peke yake lijazwe katika nafasi hiyo. Seva hailisomi jibu kama amri hata likiwa na ritifaa mia. Viendeshi vya ODBC na JDBC vinatoa njia hiyo.

Tatizo la mwisho ni dogo kwa sura lakini sugu. Ritifaa iliyonyooka ina nambari 39 katika jedwali la herufi za kompyuta, ilhali ile iliyopinda, ambayo programu za uandishi huiweka zenyewe, ina nambari 8217. Kwa jicho la msomaji *ng'ombe* na *ng’ombe* ni neno moja. Kwa hifadhidata ni mawili, na atakayetafuta la kwanza hatalipata la pili. Inafaa programu izigeuze zote kuwa alama moja kabla ya kuhifadhi, na ifanye vivyo hivyo kwa neno linalotafutwa. Kuhusu ipi ichaguliwe, sisi tunapendekeza iliyonyooka, kwa kuwa ndiyo iliyo kwenye kibodi ya kawaida.