Soko la mafunzo ya uwakili Dodoma: waombaji wengi, meza chache

WANAFUNZI wa sheria wanaotafuta nafasi za mafunzo katika ofisi za mawakili wa kujitegemea mjini Dodoma huingia katika soko lenye wauzaji wengi na wanunuzi wachache. Wengi wao huingia kama mkulima apelekaye mahindi Kibaigwa siku ambayo malori yamejaa uwanja mzima: mzigo haukuchambuliwa, haukukauka vizuri, na mwenyewe hajui bei ya jana. Dalali huwa hasumbuki sana na mtu wa namna hiyo.

Ukurasa huu kwa kawaida hushughulika na nafaka, alizeti na mchuzi wa zabibu. Lakini nguvukazi nayo ni bidhaa, na kanuni za soko hazibadiliki kwa sababu muuzaji amevaa tai.

Tuanze na ugavi. Kitivo cha Sheria cha Mlimani kilifunguliwa mwaka 1961, na hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990 ndicho kilichokuwa chemchemi pekee ya wanasheria nchini. Baadaye vikaja Chuo Kikuu Huria, Mzumbe, Tumaini na vingine, na mwaka 2007 Chuo Kikuu cha Dodoma kikaanzishwa hapa hapa nyumbani. Mwaka huo huo Bunge lilipitisha sheria iliyounda Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, ambayo watu wengi huiita "Law School", na ambayo mhitimu wa shahada ya sheria hana budi kuipitia kabla ya kuomba kuapishwa kuwa wakili. Mawakili ambao katika miaka ya 1990 walihesabika kwa mamia, leo namba za orodha yao zimekwisha kupita 10,000.

Kwamba njia hiyo si tambarare, nchi nzima iliona Oktoba 2022. Matokeo ya Taasisi hiyo yalipotangazwa, kati ya wanafunzi 633 ni 26 tu waliofaulu moja kwa moja. 342 walitakiwa kurudia baadhi ya mitihani na 265 wakakatishwa masomo. Kelele zilikuwa kubwa kiasi kwamba Waziri wa Katiba na Sheria wa wakati huo, Dk. Damas Ndumbaro, aliunda kamati chini ya uenyekiti wa Dk. Harrison Mwakyembe kuchunguza kulikoni. Lawama zilitupwa kila upande: vyuo, walimu, wanafunzi, lugha. Mwandishi huyu si mwanasheria, lakini jambo moja linaonekana hata kwa mtu aliyesomea biashara. Mwanafunzi anayeiona hati ya madai kwa mara ya kwanza akiwa amekwisha kulipia masomo ya Taasisi, anajifunza kwa bei ya juu kitu ambacho angeweza kujifunza bure, au kwa nauli ya daladala tu, katika ofisi ya wakili wakati wa likizo. Ndiyo maana nafasi ya mafunzo wakati wa shahada ina thamani kuliko muhuri unaogongwa kwenye fomu ya chuo.

Sasa mahitaji. Hapa ndipo waombaji wengi wanapokosea hesabu. Husikia kuwa Serikali ilianza kuhamia Dodoma mwaka 2016, kwamba mji ulitangazwa kuwa Jiji tarehe 26 Aprili 2018, kwamba wizara ziko Mtumba, nao hudhani ofisi za mawakili zimefurika kazi za Serikali. Sivyo. Mashauri ya Serikali husimamiwa na mawakili wa Serikali wenyewe, na tangu mwaka 2018 ipo Ofisi ya Wakili Mkuu wa Serikali kwa kazi hiyo. Kinachoingia katika ofisi ya wakili wa kujitegemea ni kazi za watu wanaoizunguka Serikali: mkandarasi anayedai malipo, mwenye nyumba aliyempangisha mtumishi, mzabuni ambaye mkataba wake umevunjwa, dereva aliyeachishwa kazi na kampuni ya ujenzi.

Zaidi ya yote ni ardhi. Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, yaani CDA, iliyoundwa mwaka 1973, ilimiliki na kugawa ardhi ya mji huu kwa zaidi ya miaka arobaini, na hati zake zilikuwa za miaka 33 badala ya 99 zilizozoeleka kwingineko. Mei 2017 Rais Magufuli aliivunja na majukumu yake yakaenda kwa halmashauri. Mamlaka huvunjwa kwa siku moja, lakini migogoro ya viwanja haivunjwi hivyo. Kiwanja kilichouzwa mara mbili, shamba la ukoo lililopimwa bila fidia kueleweka, mrithi aliyerudi kutoka mbali na kukuta ghorofa: hizo ndizo kazi za kila wiki, na wateja hutoka hadi Kongwa, Mpwapwa, Kondoa na Manyoni. Mwombaji anayeandika kwamba shauku yake ni sheria za anga za juu anaweza kuwa mwerevu sana, ila amepeleka dagaa kwenye mnada wa ng'ombe.

Ni vema pia mwombaji ajue ofisi hizi zinavyojiendesha. Nyingi ni ndogo: wakili mmoja au wawili, karani, mashine ya kunakili na kabati la majalada. Fedha huingia kwa vipande. Mteja hulipa sehemu siku ya kwanza na sehemu nyingine akivuna, au akibanwa. Kwa wakili wa aina hiyo mwanafunzi ni gharama kabla hajawa faida. Anakalia kiti, anauliza maswali, na anaweza kusema nje jambo ambalo mteja alilisema ndani. Swali lililomo kichwani mwa wakili anaposoma barua yako ni hili: huyu atanipunguzia kazi gani, na ndani ya siku ngapi?

Barua nyingi hazilijibu. Huanza na "Husika na kichwa cha habari hapo juu", zikaendelea na sifa za mwombaji kuwa ni mchapakazi, mwaminifu na mwenye uwezo wa kufanya kazi chini ya shinikizo, na zikaisha. Barua hiyo hiyo, ikiwa imebadilishwa jina la ofisi tu, hupelekwa sehemu kumi na tano, na mara nyingine jina la ofisi iliyotangulia husahaulika ndani. Linganisha na mwombaji anayeandika hivi: "Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu. Nimesoma hukumu tatu za Mahakama Kuu Dodoma ambazo ofisi yako iliwakilisha wadai katika migogoro ya ardhi. Naweza kuchapa, kuskani na kupanga nyaraka, na nimezoea kutafuta hukumu. Naomba wiki nane kuanzia Julai." Mistari minne, na imejibu swali.

Hukumu hizo si siri. Mahakama ya Tanzania huziweka katika tovuti ya TanzLII bila malipo, na katika nyingi majina ya mawakili waliosimama huonekana humo. Mwanafunzi mwenye simu na kifurushi cha intaneti anaweza katika jioni moja kujua ofisi fulani inashughulika na ardhi, kazi, mirathi au jinai, na ilishinda au kushindwa kwa hoja gani. Ni ajabu ndogo kwamba mfanyabiashara wa alizeti huulizia bei Singida kabla hajapakia gunia, lakini msomi wa chuo kikuu huomba kazi mahali asipopajua.

Kuna mambo mawili yaliyopandisha thamani ya kijana aliyejiandaa. La kwanza ni lugha. Februari 2021 Bunge lilibadili sheria na kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya utoaji haki. Kiingereza hakijaondoka, na kanuni bado zinakiruhusu katika mazingira maalumu, lakini mawakili wengi walisoma na kuandika kwa Kiingereza maisha yao yote. Mwanafunzi anayeweza kuandika hati ya kiapo kwa Kiswahili safi, kisicho cha kutafsiri neno kwa neno, ana bidhaa adimu. La pili ni mtandao. Mfumo mpya wa kielektroniki wa kusimamia mashauri ulianza Novemba 2023, na hati zinafunguliwa, zinapakiwa na kufuatiliwa humo. Wakili mwenye umri mkubwa anaweza kuijua sheria ya ardhi kama kiganja chake na bado akahangaika saa nzima kupakia kiambatisho. Mpunguzie saa hiyo.

Katika usaili usitegemee maswali ya falsafa ya sheria. Tegemea siku. Mdaiwa ana siku ngapi za kuleta utetezi wake wa maandishi? Ni 21 tangu apewe wito. Mfanyakazi anayepinga kuachishwa kazi ana siku ngapi kufika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi? Ni 30. Notisi ya kusudio la kukata rufaa kwenda Mahakama ya Rufani? Siku 30 tangu uamuzi, na kumbukumbu za rufaa ndani ya siku 60 baada ya notisi kuwasilishwa. Kudai ardhi ni miaka 12, kudai chini ya mkataba ni sita. Wakili huuliza haya kwa sababu siku zikipita mteja hupoteza nyumba huku haki ikiwa yake, na ofisi hupoteza jina. Kijana anayejua kuhesabu siku anaweza kukabidhiwa dayari ya mashauri tangu wiki ya kwanza.

Upo upande ambao waombaji wengi huona aibu kuuliza, nao ni fedha. Hakuna kiwango kilichowekwa cha kumlipa mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo. Ofisi nyingine hutoa nauli na chakula cha mchana, nyingine hazitoi kitu, chache hutoa posho. Uliza mapema na kwa adabu, maana jibu litaamua kama utaweza kuishi. Angalia pia kalenda. Kuanzia Aprili hadi mwisho wa Juni Bunge la bajeti huwa mjini, na vyumba hupanda. Anayeanza Julai hupata afueni. Anayepanga kuanza katikati ya Desemba ajue kuwa Mahakama Kuu huwa katika mapumziko hadi mwisho wa Januari. Atajifunza kupanga majalada, lakini si kusikiliza ushahidi. Hata hivyo mwishoni mwa Januari ipo Wiki ya Sheria, ambapo mahakama na wadau hutoa elimu na ushauri hadharani, na kwa mwanafunzi asiye na mjomba katika taaluma hiyo ni nafasi nzuri ya kujulikana kwa sura.

Neno "mjomba" halikutumiwa bure. Nafasi nyingi hapa hutolewa kwa kujuana, na kukanusha hilo ni kumdanganya msomaji. Lakini ofisi ndogo haiwezi kubeba mpwa mvivu kwa muda mrefu, kwa kuwa hakuna mtu wa pili wa kufanya kazi yake. Ndiyo maana anayejitokeza kwa miguu yake huko Uhindini au Makole, akarudi tena baada ya wiki mbili kuuliza kwa upole, mara nyingine hupata kiti kilichoachwa wazi na huyo mpwa.

Tahadhari moja ni ya lazima. Mji unapokua, vishoka nao hukua. Kabla ya kukubali nafasi, tafuta jina la mwenye ofisi katika mfumo wa e-Wakili wa Mahakama. Cheti cha uwakili huisha kila Desemba 31 na lazima kihuishwe; asiyekihuisha haruhusiwi kufanya kazi hiyo, na mafunzo uliyoyapata kwake yatakuletea maswali siku ukiomba kuapishwa. Na hata kwa wakili halali, usikubali kutia saini mahali pake au kushuhudia kiapo cha mtu. Kuandaa rasimu ni kujifunza. Saini ni ya aliyeapishwa, na mwanafunzi anayeambiwa "weka tu, mteja ana haraka" anahatarisha uwakili ambao bado hajaupata.

Je, Dar es Salaam si bora? Kwa anayetaka mikataba ya benki, madini na gesi, ndiko ziliko ofisi kubwa, na hizo huchagua kwa ushindani wa alama na wasifu wa Kiingereza. Hata hivyo Taasisi yenyewe iko huko, hivyo safari ya Dar haikwepeki, na tangu katikati ya 2024 treni ya umeme imeifanya nyepesi. Kwa anayetaka kuijua mahakama, maoni ya ukurasa huu ni kwamba aanze Dodoma. Katika ofisi kubwa mwanafunzi anaweza kumaliza wiki nane akisoma kifungu kimoja cha mkataba. Hapa atamwona mteja akiingia na mfuko wa rambo wenye risiti za kiwanja, na atalifuata shauri hilo hadi masjala.

Wanaokosa kabisa wasirudi nyumbani mikono mitupu. Ofisi za sheria za halmashauri, Tume ya Usuluhishi, na mashirika ya msaada wa kisheria yanayofanya kazi chini ya Sheria ya mwaka 2017 nayo huhitaji mikono. Kampeni ya msaada wa kisheria ya Mama Samia, iliyozinduliwa mjini hapa Aprili 2023, imewapeleka wanasheria hadi vijijini, na aliyewahi kumsikiliza mjane wa Chamwino akieleza mipaka ya shamba kwa kutaja mibuyu ana la kuandika katika barua ijayo.

Barua hiyo, pamoja na ya utambulisho kutoka chuoni, ni heri ipelekwe kwa mkono, miezi mitatu kabla, saa mbili asubuhi. Ikifika saa tatu wakili huwa amekwisha kwenda mahakamani, na bahasha itabaki mezani kwa karani pamoja na nyingine zote.