Utengano wa dini na serikali nchini Marekani

Utengano wa dini na serikali nchini Marekani ni kanuni ya kikatiba inayoizuia serikali kuanzisha dini rasmi au kuingilia ibada za raia. Msingi wake ni Marekebisho ya Kwanza ya Katiba, yaliyoidhinishwa mwaka 1791. Kwa kuwa marekebisho hayo yanalitaja Bunge la shirikisho tu, kumekuwa na mjadala kama yanayabana majimbo pia.

Historia

Mwanzoni kila jimbo lilijiamulia lenyewe. Virginia ilipitisha sheria ya uhuru wa dini mwaka 1786, lakini Connecticut na Massachusetts ziliendelea kutoza kodi ya kugharimia makanisa. Wabaptisti wa Danbury, Connecticut, waliokuwa wachache katika jimbo lao, walimwandikia rais Thomas Jefferson kulalamikia hali hiyo. Katika jibu lake la mwaka 1802 Jefferson alitaja "ukuta wa utengano" kati ya dini na dola, ila hakuwa na mamlaka ya kubadili sheria za jimbo. Connecticut iliacha mfumo huo mwaka 1818, na Massachusetts mwaka 1833.

Marekebisho ya 14

Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, Marekebisho ya 14 (1868) yalikataza majimbo kumnyima mtu uhuru wake bila kufuata taratibu za haki za kisheria. Kwa kutumia kifungu hicho, Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba majimbo yanabanwa na haki ya kuabudu kwa uhuru (Cantwell dhidi ya Connecticut, 1940) na vilevile na katazo la kuanzisha dini (Everson, 1947). Mwaka 1962 ilibatilisha sala iliyotungwa na maofisa wa elimu wa jimbo la New York kwa ajili ya shule za umma.

Mjadala

Baadhi ya wanasheria, akiwemo jaji Clarence Thomas, wanadai kwamba katazo la kuanzisha dini liliwekwa ili kulinda mamlaka ya majimbo dhidi ya shirikisho, hivyo halifai kutumiwa dhidi ya majimbo yenyewe. Wapinzani wao hujibu kwamba raia wa dini yenye wafuasi wachache huumia vilevile, awe amebanwa na jimbo au na shirikisho, kama ilivyowapata Wabaptisti wa Danbury.